Mtaje Jirani, Lakini Usimpe Daftari

Muuza samaki anapoulizwa ndimu hamjibu mteja kwamba hana, kisha akanyamaza. Humwonyesha meza ya pili na kumwambia, "Nenda kwa mama yule, ndimu zake zina maji, mwambie nimekutuma mimi." Siku ya pili mwenye ndimu naye hurudisha fadhila: kila anayenunua kwake huulizwa kama amekwisha kupata samaki. Hapana kati yao aliyepungukiwa na kitu. Mteja amepunguziwa mzunguko, na meza mbili zimeuza. Desturi hii ni kongwe kama masoko yenyewe.

Hata hivyo, yafaa kutazama kwa makini kile alichokifanya muuza samaki. Alimtaja jirani yake, basi. Hakumpa jirani jina la mteja, wala nyumba anayokaa, wala hakumshauri amfuate mteja huyo mpaka mlangoni kwake na kapu la ndimu. Mteja alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, na kama hakutaka ndimu alikwenda zake. Kumtaja jirani ni jambo moja. Kumkabidhi jirani watu wako ni jambo lingine kabisa.

Siku hizi desturi hiyo ya sokoni imehamia katika barua pepe. Mafundi, wafugaji, walimu, wapishi na wenye maduka madogo huandika barua moja kila wiki na kuipeleka kwa watu waliojiandikisha kuipokea. Orodha ya watu hao ndiyo mtaji wa mwenye barua, kwa kuwa kila toleo humfikia mtu aliyekwisha kusema kwamba anataka kusikia. Ugumu uko katika kuikuza. Matangazo ya kulipia ni ghali, na mtu mwenye wasomaji 300 hana fedha za kushindana na makampuni makubwa. Kwa hiyo wenye barua hushirikiana: huyu humtaja yule kwa wasomaji wake, na yule humtaja huyu kwa wasomaji wake.

Jambo hili lawahusu askari, polisi na jamaa zao kwa pande mbili. Kwanza, wamo miongoni mwao wanaotafuta nyongeza ya kipato kwa ushoni, ufugaji au upishi, na wengine wanakaribia kustaafu na kuanza kazi mpya. Kwao kutajana na wenzao ni njia isiyohitaji mtaji mkubwa. Pili, kila nyumba yenye simu ya mkononi imo katika orodha za watu wengine. Anwani ya mtu aliye katika utumishi wa ulinzi, ikizungushwa kutoka mkono hadi mkono, haijulikani itaishia wapi.

DAFTARI LILILOTUMIWA KWA KAZI NYINGINE

Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao ilipelekwa mwaka 1971 na mhandisi Ray Tomlinson, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Yeye ndiye aliyechagua alama ya @ ili kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mtandao uliotumika, ARPANET, uligharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na watumiaji wake walikuwa wataalamu wa vyuo, wa makampuni ya utafiti na wa majeshi. Wote walijulikana, na majina na anwani zao yalichapishwa katika kitabu ili waweze kuwasiliana katika kazi zao.

Mwezi Mei 1978 mtu mmoja aliona kitabu hicho kwa jicho la biashara. Gary Thuerk, aliyekuwa akiuza kompyuta za kampuni ya Digital Equipment Corporation, alitaka watu wa upande wa magharibi wa Marekani waje kutazama mitambo mipya ya kampuni yake huko California. Badala ya kumwandikia kila mtu peke yake, anwani karibu 400 zilinakiliwa kutoka katika kitabu kile, na tangazo likapelekwa kwa wote kwa mkupuo mmoja. Wako waliovutiwa. Wengine wengi walikasirika, na idara ya kijeshi iliyosimamia mtandao ikatoa malalamiko kwamba huko kulikuwa ni kuvunja waziwazi kanuni za matumizi yake.

Tangazo lenyewe halikuwa la uongo. Kompyuta zilikuwepo na maonyesho yalikuwepo. Kosa lilikuwa katika daftari: lilitolewa kwa kazi moja, nalo likatumiwa kwa kazi nyingine, na wenye majina hawakuulizwa. Tangu siku hiyo, aghalabu ya ugomvi unaohusu orodha za barua pepe umekuwa ni ugomvi huo huo wenye sura mbalimbali.

NIPE NIKUPE ISIYOGUSA MAJINA

Mwaka 1996, tovuti zilipokuwa zimeanza kuwa nyingi, vijana wawili wa Marekani, Tony Hsieh na Sanjay Madan, walianzisha mpango ulioitwa LinkExchange. Baadaye alijiunga nao Ali Partovi. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kueleweka. Mwenye tovuti ndogo aliweka katika ukurasa wake nafasi ya tangazo la wenzake. Kila tangazo la wenzake lilipoonyeshwa mara mbili kwake, tangazo lake yeye lilionyeshwa mara moja katika tovuti ya mwingine. Nafasi zilizobaki waliziuza wenye mpango kwa watangazaji wanaolipa, na hiyo ndiyo iliyokuwa faida yao. Mwaka 1998 kampuni ya Microsoft iliinunua LinkExchange kwa dola milioni 265.

Mpango huo haukumtaka mtu kutoa majina ya watu wake. Mwenye tovuti alitoa nafasi, akapata nafasi. Mgeni aliyevutiwa na tangazo alilibonyeza mwenyewe na kwenda. Asiyevutiwa alibaki alipo. Hesabu pia ilikuwa wazi: mbili kwa moja, na kila mshiriki aliijua kabla hajaingia. Watu wasiofahamiana waliweza kushirikiana kwa sababu kila mmoja alijua anachotoa na anachopokea.

Katika barua pepe mfano wa karibu zaidi umetoka kwa Substack, kampuni iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2017 kuwasaidia waandishi kupeleka barua zao kwa wasomaji. Mwezi Aprili 2022 iliweka utaratibu wa kupendekezana. Mwandishi huchagua barua za wenzake anazoziona zafaa. Msomaji mpya anapomaliza kujiandikisha kwake, huonyeshwa barua hizo na kuulizwa kama angependa kuzipokea nazo. Hapa pia anayeamua ni msomaji. Iko tahadhari moja tu: mtu mwenye haraka huweza kukubali kila kitu bila kusoma, na mwandishi akajikuta ana majina mengi ya watu wasiomkumbuka. Kwa hiyo mwenye busara haangalii idadi ya walioingia tu. Hungoja mwezi mmoja na kuhesabu waliobaki.

BAHATI NASIBU YA MAKAMPUNI 57

Kinyume cha hayo kilionekana Ujerumani. Tarehe 24 Septemba 2013 kampuni iitwayo Planet49 ilifungua bahati nasibu katika intaneti. Aliyetaka kushiriki aliandika jina na anwani yake, kisha akakuta visanduku viwili. Kisanduku cha kwanza kilisema kwamba anakubali wafadhili na washirika wa kampuni wamletee matangazo kwa posta, kwa simu, kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu. Asiyekitia alama hicho hakuweza kucheza. Kisanduku cha pili, kilichoruhusu mwenendo wake katika intaneti kufuatiliwa, kilikuwa kimekwisha kutiwa alama kabla yeye hajafika.

Aliyetaka kuwajua hao washirika alifunguliwa orodha ya makampuni 57. Mbele ya kila jina palikuwa na neno la kubonyeza ili kulikataa. Kisha palikuwa na maelezo kwamba mtu asipokataa majina ya kutosha, Planet49 yenyewe itamchagulia washirika, nao wasizidi 30. Kwa lugha nyepesi, mtu aliyekuja kujaribu bahati yake aliweza kuondoka akiwa amewaruhusu wauzaji 30 asiowajua kumpigia hodi.

Shirikisho la vyama vya kutetea watumiaji la Ujerumani lilipeleka shauri mahakamani. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa alama na mwingine si ridhaa. Ridhaa ni tendo la mtu mwenyewe. Tarehe 28 Mei 2020 mahakama ya juu ya shirikisho ya Ujerumani ilimaliza kesi hiyo na kuikataa pia ruhusa ya matangazo ya simu iliyopatikana kwa njia ya orodha ile. Sababu yake ni ya kukumbukwa: utaratibu ulipangwa ili umchoshe mtu, hata aache kuchagua na kuiachia kampuni imchagulie.

Hapo ndipo palipo mpaka. Ushirikiano wa matangazo si haramu, wala mahakama hizo hazikusema hivyo. Kilichokataliwa ni kumfanya msomaji awe mzigo unaopokezanwa na watu asiowajua, kisha kuiita hali hiyo hiari yake.

JINSI INAVYOFANYWA VIZURI

Chukua mfano wa wafanya kazi wawili. Mmoja ni mfugaji wa kuku, mwingine ni mkulima wa mboga. Kila mmoja ana wasomaji 400 wa barua yake ya wiki. Hawashindani, kwa kuwa anunuaye mayai hununua pia mchicha, na samadi ya huyu ni mbolea ya yule. Ujirani wa namna hiyo ndio ufaao kutafutwa: kazi zinazokaribiana lakini hazigombanii sahani moja. Mfugaji kushirikiana na muuza vipuri vya magari hakuzai sana, kwa sababu wasomaji wao hawana haja zinazofanana.

Hatua ya kwanza, kabla ya mapatano yoyote, ni kila mmoja kujiandikisha kwa mwenzake na kusoma barua zake kwa muda wa majuma manne au sita. Je, barua hufika siku iliyoahidiwa? Je, anachokisema ni kweli? Je, hujaza barua nzima kwa kuuza na kusahau kufundisha? Atakayemtaja mwenzake asiyemjua ameweka jina lake rehani kwa mtu asiyemjua.

Hatua ya pili ni mapatano, nayo yaandikwe hata kama ni mistari mitano: tarehe gani kila mmoja atamtaja mwenzake, kwa maneno mangapi, mwanzoni au mwishoni mwa barua, na matokeo yatahesabiwaje. Ikiwa orodha hazilingani, haki haipatikani kwa kutajana mara moja kwa moja. Mwenye wasomaji 2,000 akimtaja mwenye wasomaji 400 mara moja, huyo mdogo angehitaji kumtaja mkubwa mara tano ili hesabu ya macho iwe sawa. Lakini kuwarudia watu wale wale mara tano huwachosha. Ni afadhali amtaje mara mbili, na deni lililobaki alilipe kwa kazi, kwa mfano kumwandikia mwenzake makala nzima ya kuchapwa katika barua yake.

Hatua ya tatu ni kumtaja kwenyewe. Mfugaji asinakili tangazo aliloletewa. Aandike kwa maneno yake mwenyewe kile alichojifunza kwa mkulima, tuseme namna ya kuozesha samadi ya kuku kabla ya kuitia bustanini, kisha aeleze kwamba barua ya mkulima huyo hutoka kila Jumamosi na haina malipo. Chini yake aweke kiungo. Atakaye atabonyeza, ataandika anwani yake kwa mkono wake, na ataletewa barua ya kumwuliza kama kweli ni yeye. Uthibitisho huo wa mara mbili hupunguza idadi, lakini huzuia mtu kuandikishwa na mwingine kwa mzaha au kwa hila.

Kadhalika msomaji aambiwe ukweli kuhusu mapatano. Sentensi moja yatosha: "Sisi wawili tumekubaliana kutajana." Na kama mmoja amelipwa ili amsifu mwingine, hilo nalo lisemwe. Huko Marekani Tume ya Biashara ya Shirikisho hutaka uhusiano wa namna hiyo udhihirishwe, kwa kuwa sifa ya mtu aliyelipwa haina uzito sawa na sifa ya mtu asiyelipwa.

Sasa ije hesabu. Iwe ni mfano tu kwamba katika kila wasomaji 100 waliosoma sifa hizo, 3 walijiandikisha. Kwa wasomaji 400 hao ni watu 12. Baada ya mwezi, 4 wamejiondoa, wamebaki 8. Idadi hiyo yaonekana ndogo, lakini kila mmoja wa hao 8 amesoma, ameamua na amebaki. Mfugaji akiwa na majirani watano wa namna hiyo kwa mwaka, na kila mmoja akimtaja mara tatu kwa matokeo kama hayo, atakuwa ameongeza watu 120. Haba na haba hujaza kibaba.

NJIA YA MKATO NA MWISHO WAKE

Wako watakaosema kwamba huko ni kupoteza wakati: mfugaji ampe mkulima daftari lake lote, na mkulima ampe lake, na usiku mmoja kila mtu awe na majina 800. Hesabu hiyo ya kujumlisha ni sahihi. Isiyo sahihi ni ya kutoa, nayo haionekani siku ile ile.

Wale watu 400 wapya hawakuomba barua. Wataiona asubuhi, hawatamjua aliyeiandika, na baadhi yao watabonyeza mahali palipoandikwa kwamba hii ni barua taka. Mabonyezo hayo huhesabiwa. Mnamo Oktoba 2023 Google na Yahoo zilitangaza masharti mapya kwa wapelekaji wa barua nyingi, na masharti hayo yalianza kutumika Februari 2024. Mpelekaji athibitishe kwamba ni yeye kweli, aweke njia nyepesi ya kujiondoa, na malalamiko yasifike 3 katika kila barua 1,000 zilizofika. Mwenye majina 800 akilalamikiwa na watu 3 tu, kiwango hicho kimekwisha kupitwa. Kisha barua zake huanza kutupwa katika kapu la taka, pamoja na zile alizowaandikia wasomaji wake 400 wa zamani waliomtaka. Hivyo aliyetaka kuongeza huwapoteza hata aliokuwa nao.

Juu ya hasara hiyo kuna sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua za matangazo, iliyoanza kutumika Januari 2004, humtaka mpelekaji asifiche jina lake, aweke anwani yake ya posta, na amwondoe aliyeomba kuondolewa katika muda wa siku 10 za kazi. Tena hairuhusu anwani ya mtu huyo kuuzwa au kupewa mwingine kwa matangazo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 ni kali zaidi: faini yaweza kufika euro milioni 20, au asilimia 4 ya mapato ya kampuni ya mwaka duniani kote, ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi. Katika Afrika Mashariki, Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022, ambayo sheria yake ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msingi wa sheria hizo ni mmoja: taarifa ya mtu iliyochukuliwa kwa shughuli moja isigeuzwe kuwa ya shughuli nyingine bila ya ridhaa yake au amri ya sheria. Ukubwa wa biashara si udhuru. Daftari la mwenye kibanda nalo ni daftari.

HATARI YA DAFTARI LILILOTOKA MKONONI

Sheria na faini ni mambo ya mwenye orodha. Yako pia mambo ya mwenye jina, ambaye aghalabu husahauliwa. Mwaka 2011 kampuni ya Epsilon ya Marekani, iliyokuwa ikipeleka barua pepe kwa niaba ya makampuni mengine, iliingiliwa na wezi wa kompyuta. Majina na anwani za wateja wa mabenki na maduka mengi yalichukuliwa, wakiwamo wateja wa JPMorgan Chase, Citigroup na Best Buy. Watu hao walikuwa wametoa anwani zao kwa benki au kwa duka, si kwa Epsilon. Mabenki na maduka yalilazimika kuwaandikia kuwatahadharisha.

Mtu aweza kuuliza, mwizi atafanya nini na anwani tupu isiyo na fedha ndani yake? Jibu ni kwamba anwani haiji peke yake. Huja na habari ya mahali ilipotoka. Anayejua kwamba mtu fulani ni mteja wa benki fulani aweza kumwandikia barua inayofanana na ya benki hiyo na kumwomba namba yake ya siri. Vivyo hivyo, orodha ya wateja wa fundi anayeshona sare, au ya duka lililo mlangoni mwa kambi, haisemi tu kwamba hawa ni watu 200. Husema kwamba hawa ni askari au jamaa za askari, na kwamba wanakaa mahali fulani. Mke wa askari auzaye maandazi kwa oda za simu ana orodha ya namna hiyo katika simu yake bila ya kuifikiria. Mfanya biashara mwenzake akimwomba "ampe namba za wateja wake tu", hapana budi akatae, hata kama mwombaji ni mtu mwema. Huyo mwema hawezi kuahidi kwamba simu yake haitaibiwa, wala kwamba hatampa mwingine. Amjibu hivi: "Niandikie maneno machache kuhusu biashara yako, nami nitawasomesha wateja wangu. Atakayekutaka atakutafuta."

YA KUFANYA NYUMBANI

Kwa upande wa wale wanaopokea barua, mambo machache yatosha kuzoewa na kila aliye nyumbani, watoto wenye simu wakiwamo.

Kwanza, kabla ya kuandika anwani mahali popote, visomwe visanduku vyote, na vilivyotiwa alama tayari vifutwe. Palipoandikwa "washirika wetu", itafutwe orodha ya hao washirika. Kama haipo, au ni ndefu hata haisomeki, ni heri kuacha.

Pili, anwani ya kazini isitumiwe katika bahati nasibu, mashindano wala manunuzi. Afadhali mtu awe na anwani ya pili kwa mambo ya dukani. Cheo, kikosi na kituo cha kazi visiandikwe, kwa maana muuza vyungu hana haja ya kuvijua.

Tatu, barua aliyoiomba mtu mwenyewe na sasa haitaki, ajiondoe kwa njia iliyowekwa chini ya barua hiyo. Lakini barua kutoka kwa asiyejulikana kabisa isifunguliwe viungo vyake, hata kile kisemacho "jiondoe". Ibonyezwe kuwa ni barua taka.

Nne, mtu akitaka kumsaidia rafiki anayeanza biashara, asimwandikishie jamaa na majirani bila kuwauliza. Awaonyeshe barua ya huyo rafiki na kuwaachia wenyewe. Kanuni hii haikomei kwenye barua pepe. Kumwingiza mtu katika kundi la simu la wauzaji bila ya idhini yake ni jambo lile lile lililowaudhi watu wa mwaka 1978.

Wazee walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo chema nacho huhitaji mtu wa kukitaja kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo ilipo kazi ya jirani mwaminifu. Mfugaji na mkulima wale, baada ya mwaka, kila mmoja atakuwa na wasomaji waliokuja kwa miguu yao, na daftari la kila mmoja litakuwa bado limo mkononi mwake. Anayeanza leo na aanze na jirani mmoja, asome barua zake kwa mwezi mzima, kisha amwandikie mistari mitano ya mapatano.